Opereta wa simu: swichibodi ya hospitali au kol senta, wapi kuna maslahi?

nyota_asubuhi
Habari zenu wadau, naombeni mawazo haraka. Nimepata ofa mbili za uopereta wa simu, moja ni swichibodi ya hospitali kubwa (pale simu zote zinapoingia na kuunganishwa idarani), nyingine ni kol senta inayopokea simu za wateja. Ya kol senta ina hela zaidi. Je kwa kawaida opereta analipwaje, na kitu gani kinafanya mmoja apate kingi na mwingine kidogo wakati wote kazi ni kupokea simu? Ijumaa natakiwa niwe nimejibu. Natanguliza shukrani.

Bwana_Zamu
Dada yangu hapo hujatupa kitu. "Hela zaidi" ni zaidi kwa kiasi gani? Kabla ya makato au ile inayoingia mkononi? Masaa mangapi kwa wiki, usiku upo au hakuna, mkataba wa kudumu au wa miezi, na anayekuajiri ni hospitali yenyewe au wakala ndiye anakupeleka pale? Bila hayo kila mtu atakusimulia ya kwake tu.

fundi_wa_tageti
Mimi bila hata kusubiri hayo majibu nasema nenda kol senta. Swichibodi mshahara unasimama palepale miaka na miaka. Kol senta ukijituma unaiona jasho lako mwisho wa mwezi. Niliingia sina uzoefu wowote na ndani ya miezi 8 nilikuwa napata karibu mara mbili ya nilichoanza nacho, tena sina cheti chochote cha maana.

Mlinzi_wa_Laini
@fundi_wa_tageti hebu tueleweshe, ulikuwa unapokea simu au unapiga kuuza?

fundi_wa_tageti
Kuuza. Lakini mkuu si hedseti ileile na kiti kilekile?

Mlinzi_wa_Laini
Hapana, si kazi moja. Anayeuza analipwa kwa alichouza, anayepokea analipwa kwa kuwepo na kujibu. Ukimwambia mtu anayeenda kupokea malalamiko kwamba atapata mara mbili unampoteza.

Mimi niko swichibodi ya hospitali mwaka wa 11 sasa, nyingi ni zamu za usiku. Mshahara wangu wa msingi haushangazi mtu, hilo fundi yuko sahihi. Ila una ngazi, kila mwaka unapanda kidogo, kuna nyongeza ya usiku, kuna bima ya afya ya familia, na sikukuu nikiwa kazini nalipwa zaidi. Ukija usiku wa manane uko peke yako, moyo wa mtu umesimama wodini na wewe ndiye unayeita timu, ukikosea jengo ni maisha ya mtu. Hiyo ndiyo sababu kuna hospitali ambazo opereta anakaa ngazi ya juu kidogo kuliko mpokea wageni wa kawaida, na pale wasipomweka hivyo wanamdhulumu kabisa, nasema wazi.

nyota_asubuhi
Samahani wadau kwa kuchelewa. Kwanza mimi ni mwanaume 😊. Namba zenyewe sipendi kuzitaja hadharani ila chukulieni ofa ya hospitali ni 100, ya kol senta ni 130. Zote kabla ya makato. Hospitali masaa 40 kwa wiki zamu za kupokezana, kol senta masaa 8 siku 6. Kuhusu nani mwajiri sijauliza, barua ya hospitali ina nembo ya kampuni nyingine juu, nilidhani ni ya usafi au kitu kama hicho.

Bwana_Zamu
Sawa kaka, niwie radhi. Sasa tuna kitu cha kushika. Siku 6 mara masaa 8 ni 48. Hapo gawanya: 100 kwa 40 ni 2.5 kwa saa. 130 kwa 48 ni kama 2.7. Yaani ile tofauti ya 30 uliyoiona kubwa, kwa saa imebaki asilimia 8 tu. Hiyo 30 nyingi ni siku ya sita unayokwenda kuwauzia.

Na hiyo nembo nyingine usiipuuze hata kidogo. Ni ya wakala.

Mama_Wawili
Naomba niseme maana haya yalinipata na sitaki mwingine ayapitie. Kaka nyota, uliza hiyo 130 ni mshahara mtupu au ndani yake kuna bonasi. Mimi niliambiwa jumla kama wewe, nikasaini kwa furaha, kumbe karibu theluthi ilikuwa bonasi na bonasi yenyewe ilikuwa na milango mitatu ya kupita: wastani wa muda wa simu usizidi dakika 5, alama za wale wanaosikiliza simu zilizorekodiwa, na usichelewe hata dakika moja kwa mwezi mzima. Ukikwama mlango mmoja bonasi yote imekwenda.

Kisha ile ya kuwasha kompyuta. Zamu inaanza saa mbili kamili lakini saa mbili kamili unatakiwa uwe tayari kupokea, na programu zilikuwa nne, kila moja na neno lake la siri, mashine nzito, kwa hiyo ukitaka usalama unafika robo saa kabla. Hiyo robo saa halipwi mtu. Robo saa kwa siku 6 ni saa moja na nusu kwa wiki, ni masaa 6 kwa wiki nne, karibu siku nzima nafanya bure kila mwezi, na kama kuna mtu anaona ni kidogo basi naye atoe siku yake moja kwa mwezi ampe mwajiri tuone.

Kilichonitoa ni simu moja. Alipiga mzee, mke wake amefariki, laini na akaunti vyote viko kwa jina la marehemu na yeye hajui afunge vipi. Hasikii vizuri, analia, anarudia jina la mkewe. Nilikaa naye dakika 34. Nilimaliza kila kitu, aliniombea dua akakata. Mwisho wa mwezi wastani wangu ulikuwa juu kwa sekunde chache tu na nikakosa bonasi yote. Nilipopeleka malalamiko msimamizi akaniambia ningempa namba ya tawi aende mwenyewe. Nilikaa mwezi mmoja zaidi nikaacha. Hadi leo nikikumbuka sauti ya yule mzee najua ningefanya vilevile.

fundi_wa_tageti
Pole sana mama. Ila si zote ziko hivyo, kwetu muda wa simu hawakuhesabu kabisa.

Mama_Wawili
Kwenu mlikuwa mnauza mwanangu. Simu ndefu ya mnunuzi ni faida, simu ndefu ya mfiwa ni gharama.

Karatasi_Mezani
Kwenye hilo la robo saa, Marekani mahakama ya rufaa iliamua mwaka 2021 kwamba wafanyakazi wa kol senta kuwasha kompyuta na kufungua programu ni sehemu ya kazi na muda ule ulipwe. Kwingine sheria ni nyingine, lakini si vibaya kuuliza kwa maandishi: muda unaanza kuhesabiwa nikigusa mashine au nikipokea simu ya kwanza?

Bwana_Zamu
Basi turudie hesabu kwa macho ya Mama. Tuseme katika hiyo 130 kuna bonasi ya 40. Mwezi ukikosa unabaki na 90 kwa masaa 49 na nusu, ni kama 1.8 kwa saa. Hospitali ni 2.5. Kaka, ofa "kubwa" ndiyo imekuwa ndogo hivyo.

nyota_asubuhi
Duh. Sikuwahi kugawa kwa saa hata siku moja. Nitauliza bonasi. Lakini nauliza tena, kwa nini kazi hii inalipa chini popote unapoangalia? Mjomba wangu aliposikia aliniambia hiyo ni kazi ya kike.

Karatasi_Mezani
Mjomba wako bila kujua kakujibu. Mwanzoni opereta walikuwa wavulana, wale waliozoea kazi ya telegrafu, wakawa wanatukana wateja na kufanya mizaha kwenye laini. Septemba 1878 huko Boston, Marekani, akaajiriwa Emma Nutt, mwanamke wa kwanza kwenye kazi hiyo, mshahara wake unatajwa kuwa dola 10 kwa mwezi kwa wiki ya masaa 54. Wateja wakampenda, na kampuni zikaona mambo mawili kwa pamoja: sauti ya upole, na mtu unayeweza kumlipa chini ya mwanaume. Tangu hapo ngazi ya kazi hii ikapangwa chini, na ngazi ikishapangwa kuipandisha ni vita.

Mlinzi_wa_Laini
Mimi ni mwanaume wa miaka 50 na kitu na sijaona ukike wa kuita timu ya dharura saa tisa usiku.

Karatasi_Mezani
Ndicho ninachosema mkuu, sikupingi. Hata mwaka 1973 kampuni ya simu AT&T walipokubaliana na tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usawa kazini, walilipa mamilioni ya fidia, nyingi kwa wanawake waliobanwa kwenye kazi za chini, na mojawapo ya mambo yaliyobadilika ni wanaume nao kuingia kwenye uopereta.

Na vita ya kuipandisha iliwahi kupiganwa. Aprili 1919 maopereta wa New England, kaskazini mashariki mwa Marekani, waligoma, kiongozi wao Julia O'Connor, simu zikasimama, na chini ya wiki moja wakapata nyongeza. Chama cha wafanyakazi kipo au hakipo, hicho nacho ni kipengele cha mshahara, watu wanakisahau.

fundi_wa_tageti
Enzi zile waligoma simu zinasimama. Leo ukigoma wanaweka mashine ya "bonyeza moja, bonyeza mbili". Ndiyo maana nasema mtu akusanye hela mapema kabla kazi yenyewe haijaisha.

Mlinzi_wa_Laini
Hiyo mashine tunaambiwa inakuja tangu zamani. Mmarekani mmoja, Strowger, alipata hataza (haki ya mvumbuzi) ya swichi inayounganisha simu yenyewe bila opereta mwaka 1891, inasimuliwa alikuwa mzika maiti na alishuku opereta anawapeleka wateja wake kwa mshindani. Kweli maopereta wengi waliondoka baadaye. Ila waliobaki ndio wanaopokea zile simu ambazo mashine imeshindwa, mtu amechanganyikiwa, hajui idara, hajui ataje nini. Kazi imekuwa ngumu zaidi na malipo hayakufuata. Hilo linaniuma.

lugha_tatu
Mbona hakuna aliyeuliza lugha? Mimi nilipandishwa kwa lugha tu, laini ya wateja wa nje ilikosa mtu nikajitolea, wakaniongezea posho.

Bwana_Zamu
Posho ya lugha wanatoa kama umefanya mtihani wao na upo kwenye laini hiyo rasmi. Wengine wanakutumia kama mkalimani wa bure, mwenzako akikwama anakuita, na mshahara uleule.

lugha_tatu
Sasa hapo ni kukataa mpaka iandikwe. Mimi nilikataa wiki mbili wakaandika.

nyota_asubuhi
Eh, naongea Kifaransa vizuri, nimekisoma na kukaa nacho. Sikukitaja kwenye usaili, hawakuuliza.

lugha_tatu
Kaka!! Hiyo ndiyo unaanza nayo! Piga simu kesho asubuhi kotekote.

Mama_Wawili
Na ukipiga uliza hedseti ni yao au unakatwa, na mafunzo yanalipwa au unakaa wiki tatu bila kitu.

nyota_asubuhi
Mrejesho. Kol senta: bonasi ipo ndani ya 130, hawakuniambia ni kiasi gani, wakasema "inategemea utendaji". Muda wa kuwasha mashine haulipwi. Kifaransa wamefurahi, laini ipo, wanataka mtihani Jumatatu, yaani baada ya siku ya kujibu. Hospitali: ile nembo kweli ni wakala, mwaka wa kwanza niko kwao, nyongeza ya usiku ipo lakini bima ni yangu peke yangu bila familia, na kuhamia hospitali yenyewe ni "kama nafasi ikitokea". Kifaransa hawana mahali pa kukiweka. Nimechanganyikiwa kuliko nilivyoanza.

Bwana_Zamu
Omba kol senta wakusogezee tarehe hadi baada ya mtihani. Anayekuhitaji atakusubiri siku tatu.

Mlinzi_wa_Laini
Mimi bado naegemea hospitali, hata kwa wakala. Kwetu wawili walioanza kwa wakala leo wana ajira. Ila kweli watatu waliondoka wakisubiri, siwezi kukuficha.

fundi_wa_tageti
Kol senta, chukua Kifaransa chako, baada ya mwaka unahamia kwenye mauzo.

kimya_kimya
Samahani kuingilia uzi, mnaovaa hedseti miaka mingi, sikio moja kulia ngiii usiku ni kawaida? Mimi mwaka wa nne sasa.

Mlinzi_wa_Laini
Si kawaida ndugu, usikae nayo. Nenda kapimwe masikio, na uombe ripoti kwa maandishi uipeleke kazini. Mimi nilipofika mwaka wa sita nilianza kubadilisha upande kila zamu na kushusha sauti chini ya nusu. Hedseti yako ni ya sikio moja au mawili?

kimya_kimya
Moja. Ya mawili wanasema ni za wasimamizi.

Mama_Wawili
Ya mawili mnunulieni watu jamani, inagharimu kiasi gani mbele ya sikio la mtu? Nyota uliza na hilo kabla hujajibu.