Kamera nyepesi kwa mzee, safari ya Gombe

Wakuu habari, niko Kigoma, umri 67, bega linauma kwelikweli. Canon 5D Mark III na lenzi ya kuvuta mbali ya 70-200 mm f/2.8 ni kama kilo mbili na nusu, mwezi ujao napanda boti kwenda Gombe kupiga picha sokwe, nibebe nini?

— Shikamoo mzee. Chukua Olympus E-M5 Mark III na lenzi ya 40-150, zote mbili hazifiki gramu 700, na sensa yake ndogo inafanya ile 150 ivute kama 300.

— Sawa ila kule msituni kuna giza mzee wangu, hiyo lenzi ukiivuta mwisho ni f/5.6, inaingiza mwanga kidogo, itakusumbua, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) inapanda picha zinajaa chenga. Ongeza lenzi ya 45 f/1.8 inayoingiza mwanga mwingi, gramu 116 tu.

— Marahaba wanangu, basi lile dude linabaki nyumbani, ingawa roho inauma.