Kaktasi kugeuka rangi: tupeane uzoefu, watu wa Kigoma na Tabora

Cheyo_Bustani: Wakuu, mvua zimeshika na kaktasi za barazani zinageuka rangi. Nyingine njano, nyingine nyekundu. Kila anayepita anasema zimwagiwe maji. Wenye ujuzi tuwekane sawa kabla hazijaisha.

BintiUjiji: Kabla ya maji, bonyeza shina. Njano iliyo laini, hasa chini kabisa, ni maji yamezidi. Njano iliyo ngumu ina sababu nyingine.

FundiVyungu: Nakazia. Na hapo kwenye ulaini ndipo zinapokufa, maana mtu akiona njano anadhani kiu, anaongeza maji. Mizizi inakosa hewa, inaoza, kisha uozo unapanda katikati ya shina huku nje bado kijani. Ukibonyeza likabonyea kama embe lililopitiliza, usisubiri kesho. Ing'oe, ikate juu ya uozo kwa kisu kilichofutwa spiriti. Tazama mkato: ukiona hata nukta moja ya kahawia au chungwa pale katikati, futa kisu tena, sogea juu sentimita 2, kata tena. Usiache mpaka nyama iwe safi kote. Kipande kikae kivulini penye hewa siku 7 hadi 14, kidonda kikauke kiwe kigumu kama ngozi. Ndipo ukisimamishe kwenye mchanga mkavu, na maji yangoje wiki 2 nyingine.

Mzee_Mwanga: Siku 14 za nini? Tatu zinatosha.

FundiVyungu: Tatu ni za kipande chembamba kama kidole, tena kiangazi. Shina nene kama mkono, msimu huu wa mvua, siku tatu unapanda kidonda kibichi. Kitaoza tena.

Mzee_Mwanga: Kwa shina nene sawa, nakubali.

MamaGungu: Udongo nao. Kopo 1 la udongo wa bustani, kopo 1 la mchanga wa mto wenye chenga, kopo 1 la kokoto ndogo au tofali lililopondwa. Mchanga laini wa ufukweni achaneni nao, unashikana. Chungu kiwe na tundu, na maji ya kwenye kisahani yamwagwe.

BintiUjiji: Na mnaomwagilia maji ya ziwa: Tanganyika ina pH (kipimo cha uchachu na ualkali) inayokaribia 9, yaani ni ya alkali. Miezi ikienda, madini ya chuma yanafungika kwenye udongo, mmea hauyapati, ncha changa zinapauka njano ilhali shina ni gumu. Kingeni ya mvua.

Cheyo_Bustani: Na zile nyekundu?

MamaGungu: Jua kali au kiu, mmea unajikinga. Kivuli chepesi, rangi inarudi. Mabaka meupe makavu upande mmoja tu ni kuungua, hayo hayafutiki. Iliyokaa ndani ipewe jua la asubuhi mpaka saa tatu, uongeze taratibu kwa wiki 2 au 3.

Kanyenye_Kijani: Kahawia ngumu inayopanda kutoka chini ni uzee tu. Msikate!

FundiVyungu: Kwenye mpungate (kaktasi ya vipande bapa), ukiona pamba nyeupe iponde kwa kijiti. Ikitoa wekundu kama damu ni wadudu, wafute kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70, jioni, urudie kila wiki.

Mzee_Mwanga: Mnyaa wa uzioni nao dawa ni hiyo hiyo?

BintiUjiji: Mnyaa si kaktasi, mzee wangu. Ukiukata unatoa maziwa, na yakiingia jichoni yanaweza kupofusha. Vaa glovu, na yakikurukia osha kwa maji mengi uende hospitali siku hiyo hiyo.