Naomba ushauri: jina fupi la binti, lisilozidi herufi nne

Mama wa Kadutu (Bukavu)
Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Naomba mnisaidie kupata jina fupi la mtoto wa kike, lisilozidi herufi 4, pamoja na asili na maana yake. Jina langu mwenyewe ni refu, na limeandikwa kwa namna 3: moja kwenye cheti cha kuzaliwa, nyingine kwenye diploma, na ya tatu kwenye kadi ya mchaguzi, hata kila ninapoomba kazi nalazimika kueleza kwamba watu hao 3 ni mimi. Sitaki binti yangu arithi taabu hiyo. Nimefikiria Noa, Mia, Lea na Zoe. Tunamtarajia hivi karibuni, na usingizi umenipotea.

Fundi wa Nguba (Bukavu)
Hongera, dada. Kabla ya kutafuta maana ya mbali, liite jina hilo kwa sauti ukiwa mlangoni pako, kwa sababu majirani wataliita kwa Kiswahili. Mia ni kifupisho cha Maria kilichoenea kutoka nchi za Skandinavia, lakini kwetu ni hesabu. Lea ni mke wa kwanza wa Yakobo, nasi tutasikia tunaagizwa kulea. Ada, mke wa Lameki katika Mwanzo 4, maana yake ni pambo, lakini mtoto akiitwa hivyo watu watakumbuka deni la shule. Na huyo Noa, kila ukimwita mtu atakuuliza kisu kiko wapi. Mimi ningechagua Eva.

Mwalimu wa Katuba (Lubumbashi)
Ndugu Fundi, jina haliwi baya kwa sababu lugha ya jirani inalisikia vingine. Huku kwetu Waluba humwita Mujinga mtoto aliyezaliwa kamba ya kitovu ikiwa imemzunguka shingoni, na ni jina la heshima, kwa kuwa linatangaza kwamba mtoto alipita hatarini akatoka salama. Dada yangu mkubwa anaitwa hivyo. Alipokwenda Dar es Salaam kununua vitenge, mwenye nyumba ya wageni alishika kalamu bila kuandika, akamwuliza mara 2 kama kweli wazazi wake walimpa jina hilo. Dada alikaa kitini, akamsimulia habari za kitovu tangu mwanzo hadi mwisho, na tangu siku hiyo humpokea kwa jina lake bila kusita.

Kuhusu Noa, msimchanganye na Nuhu, ambaye kwa Kifaransa huandikwa Noé na ambaye jina lake huhusishwa na pumziko. Noa ni mmoja wa mabinti 5 wa Selofehadi katika Hesabu 27, waliosimama mbele ya Musa na mkutano wote kudai urithi wa baba yao aliyekufa bila mtoto wa kiume, na wakapewa. Maana yake huelezwa kuwa ni mwendo. Kwangu mimi, hilo ni jina la msichana asiyenyamaza akidhulumiwa.

Mama wa Majengo (Goma)
Mimi napenda mlifikirie neno uhai. Eva na Hawa ni jina moja, lenye asili ya Kiebrania inayohusu kuishi. Waliotafsiri Mwanzo kwa Kigiriki hapo kale, walipofika 3:20, waliandika Zoe, yaani uhai. Asha nalo limetoka kwa Aisha, la Kiarabu, yaani mwenye kuishi. Majina manne, lugha tatu, na shukrani ile ile. Kwa Kinyarwanda yapo Keza, mzuri, na Teta, mtoto anayedekezwa, ingawa Teta kwa Kiswahili ni ugomvi.

Lakini nikuulize, dada yangu: kwenu nani humpa mtoto jina? Na mimba ina miezi mingapi?

Mama wa Kadutu
Mama, umenigusa pale nilipoficha. Mtoto ameshazaliwa, leo ana siku 80. Mama mkwe amemwita Nsimire, ambalo kwa Mashi, lugha ya Washi wa huku Bukavu, ni kushukuru, kwa sababu nilikaa miaka 6 katika ndoa bila mtoto. Mimi humwita Noa, na kwenye karatasi ya chanjo nimeandikisha Noa peke yake. Mume wangu yuko Kamituga kwa kazi, na hajui. Sikumdharau mama mkwe. Karatasi ya chanjo si cheti, na mtoto ameshazoea: akisikia Noa hugeuza kichwa.

Mzee wa Bagira (Bukavu)
Binti yangu, kwa umri huo atageuza kichwa hata ukimwita kiti. Anaifuata sauti yako. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalipokatazwa, na Rais Mobutu mwenyewe akaacha kuitwa Joseph-Désiré, dada yangu Eva alifutiwa jina lake katika daftari la shule. Mama yetu alilia. Jina likiondolewa kwa siri, mwenye kulitoa huumia hata kama karatasi ni ndogo. Mwambie mumeo leo.

Mkazi wa Ibanda (Bukavu)
Naona uzi huu umebuniwa. Asubuhi mtoto alikuwa tumboni, jioni ana siku 80 na anageuza kichwa. Tunapoteza muda wetu.

Muuguzi (Goma)
Tusimhukumu haraka. Dada, mtoto amekwenda chanjo mara ngapi?

Mama wa Kadutu
Mara 3: alipozaliwa, wiki ya 6 na wiki ya 10. Inayofuata ni ya wiki ya 14. Niliona haya kusema amezaliwa kwa sababu mngeuliza kwa nini hana jina. Karatasi iko mbele yangu: imeandikwa Noah kwa wino wa buluu, na h imekatwa kwa mstari mmoja baada ya mimi kulalamika.

Muuguzi
Hesabu hiyo ni sahihi.

Mkazi wa Ibanda
Dada, naondoa maneno yangu. Lakini tazama: hata jina la herufi 3 limekosewa.

Mwalimu wa Katuba
Basi ufupi hautamlinda. Kitakachomlinda ni wewe kusoma daftari kabla ya kutia sahihi. Siku za kuandikisha ni 90, umebakiwa na 10. Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inataka jina lichotwe katika utamaduni wa Kongo, na Nsimire linatimiza hilo. Noa liwe prenomu, yaani jina la kwanza. Andika yote kwa herufi kubwa, umpe mwandishi wa etasivili, ofisi ya vizazi na vifo, anakili.

Mama wa Kadutu
Nimempigia mume wangu. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kama mama yake anajua. Nimekwenda kumwambia. Sasa ameketi hapa na mtoto mapajani, na ameniomba nimsomee karatasi niliyoandika majina, herufi moja moja: N, S, I, M, I, R, E. Amesema nirudie na zile tatu za mwisho, N, O, A, polepole, apate kuzizoea.