Tupeane uzoefu: mnazungukaje vizuizi vya programu rahisi za kutengeneza tovuti?

fundi_wa_ngara
Wadau, hamjambo. Wengi wetu hapa Nairobi tunawatengenezea tovuti wafanyabiashara wadogo: duka la simu Luthuli, saluni Umoja, kanisa Kayole. Mteja hana pesa za kuajiri mtaalamu, kwa hivyo tunashika hizi programu za kuburuta na kuweka, nyingine za bure kabisa. Zinakwenda vizuri mpaka siku mteja anapoomba kitu ambacho hakina kitufe. Tuzungumzie hapo. Sitaki "hamia kwa kampuni fulani", nataka ulivyojinasua palepale ulipokwama.

Naanza mimi. Nina mteja wa vipuri vya magari Kirinyaga Road, pale Grogan. Bei zake hubadilika kila mzigo unapoingia, na programu yetu haina mahali pa kuhifadhi orodha ya bidhaa. Kila bei ni maandishi yaliyochapwa kwa mkono, kwa hiyo simu yangu ilikuwa inalia kabla sijanywa chai. Nikahamishia bei zote Google Sheets, nikatumia ile amri ya kuchapisha kwenye wavuti, nikapachika jedwali ndani ya ukurasa. Sasa anabadilisha mwenyewe kwa simu akiwa kaunta. Mabadiliko hukawia dakika chache kuonekana, lakini kwa vipuri hilo si neno.

Mambo mawili ya kuangalia. Unapochapisha, chagua karatasi moja tu. Ukiacha faili nzima, ile karatasi ya bei za kununulia nayo inakwenda hewani na wateja watakuja kupatana wakiwa na hesabu zako mkononi. La pili ni upana. Jedwali la safu nane kwenye simu ni adhabu, mtu anasukuma kushoto na kulia hadi anasahau alikuwa anatafuta nini. Nilibakiza safu tatu: kipuri, gari, bei.

mama_kitenge
Asante fundi. Mimi si mtaalamu, nauza vitenge Eastleigh na tovuti nilijitengenezea. Kikapu cha manunuzi kilitaka nilipie kifurushi cha juu kila mwezi, kwa dola. Nikakataa. Kila kitenge nimekiwekea kiungo chake cha WhatsApp. Unaandika wa.me/254 kisha nambari yako bila ile sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Baada ya nambari unaweka ?text= halafu maneno unayotaka mteja ayakute yameshaandikwa, na kila nafasi kati ya maneno inakuwa %20. Kwa hiyo mtu akibonyeza picha ya kitenge cha K14, ujumbe unafunguka "Habari, nataka K14". Siulizi tena "kile cha maua ya njano au kile cha ndege?"

Na niwaambie ukweli, hata kikapu kingekuwa bure nisingekitumia. Nani hapa mjini ananunua kitenge bila kuuliza bei ya mwisho?

kijana_wa_pipeline
Dada, hiyo ya mwisho nimecheka. Ila ukiweka kitufe cha WhatsApp ndani ya kile kisanduku cha kupachika msimbo, mteja akibonyeza anaweza kukuta ukurasa mtupu. Kisanduku ni ukurasa mdogo ndani ya ukurasa, na WhatsApp haikubali kufunguliwa humo. Ongeza target="_blank" kwenye kiungo ili kifunguke nje. Kwa sababu hiyohiyo, rangi au fonti unayoandika ndani ya kisanduku haiwezi kugusa sehemu nyingine za tovuti. Watu hukesha wakibadilisha msimbo ambao hauna pa kufika.

Swali langu: kuna aliyefaulu kuweka malipo ya M-Pesa kwenye hizi tovuti? Nataka mteja aandike nambari yake, simu iulize PIN, basi.

mzee_wa_msimbo
Kijana, kwa ukurasa peke yake haiwezekani, na afadhali uelewe sababu kabla hujauziwa kipande cha msimbo na mtu wa mtandaoni. Safaricom walifungua Daraja mwaka 2017 ili programu zetu zizungumze na M-Pesa. Ili ile ombi la PIN litokee kwenye simu ya mteja, lazima kuwe na seva yako inayotuma maombi kwa funguo za siri, kisha anwani ya https inayosubiri jibu: amelipa, ameghairi, au hana salio. Tovuti ya kuburuta na kuweka haina sikio la kupokea jibu hilo. Na ukibandika funguo ndani ya ukurasa, yeyote anayejua kufungua chanzo cha ukurasa anazisoma.

Kwa duka dogo, andika nambari ya Till, ile ya kupokelea malipo ya M-Pesa dukani, kama maandishi, kubwa, karibu na bei. Usiiweke ndani ya picha, kwa sababu mtu anataka kuigusa na kuinakili. Mteja akishalipa akutumie msimbo wa muamala, na wewe uthibitishe kwenye ujumbe ulioingia simu yako. Picha ya skrini aliyotuma yeye usiihesabu kuwa ushahidi, mjini hapa zinatengenezwa.

mwalimu_kayole
Mimi nasimamia tovuti ya shule. Wazazi wetu wengi wanafungua kwa bando la siku, na ukurasa wa mwanzo ulikuwa na picha za siku ya michezo moja kwa moja kutoka kwenye kamera. Programu haikuwa na namna ya kuzipunguza. Sasa napitisha kila picha kwenye Squoosh, ambayo inafanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinisha kitu. Naishusha hadi upana wa pikseli 1200, naihifadhi kama WebP, aina ya faili ya picha iliyo nyepesi, na picha ya megabaiti kadhaa inashuka hadi kilobaiti mia chache. Macho hayaoni tofauti.

Fomu ya kuandikisha wanafunzi nayo ilitaka malipo, tukatumia Google Forms. Hapo naomba tuwe waangalifu. Majibu yanaingia kwenye karatasi, na nimeona walimu wakiifungua kwa "yeyote mwenye kiungo" ili kurahisisha kazi ofisini. Humo mna majina ya watoto na nambari za wazazi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi unapochukua taarifa za mtoto. Kwa hiyo tuna kisanduku cha idhini juu kabisa ya fomu, na karatasi inafunguliwa na watu wawili tu.

otis_wa_saiba
Mwalimu, hiyo Squoosh nimeijaribu sasa hivi. Kumbe!

mzee_wa_msimbo
Mimi bado nasema jifunzeni HTML kidogo, ile lugha ya kuandikia kurasa za wavuti. Mtu yeyote anaweza kuweka kurasa zake kwenye GitHub Pages bila kulipa. Lakini fundi amekataza mahubiri, kwa hiyo nitasema la kujikinga. Mimi ni wa zama za GeoCities, huduma ya kuweka kurasa bure iliyofungwa 2009 na kurasa za watu wengi zikaenda nayo. Programu nyingi za leo hazikupi njia ya kutoka na tovuti yako ikiwa nzima, unatoka na maneno uliyoyanakili tu. Weka nakala ya maandishi na picha zako pembeni. Na domeni, yaani anwani ya tovuti, ya .co.ke iandikishwe kwa jina la mwenye biashara, si la fundi. Nimemwona mwenye hoteli akibembeleza namba ya fundi aliyehama mji.

Asiye na pesa kabisa, Blogger bado inakuruhusu kuunganisha domeni yako bila ada na kuhariri msimbo wa kiolezo chote. Sura yake imezeeka, lakini ina mlango.

mwalimu_kayole
Mzee, basi nisaidie na hili. Tuna mzazi asiyeona, simu inamsomea. Kurasa zetu za Kiswahili inazisoma kwa matamshi ya Kiingereza, haelewi kitu.

mzee_wa_msimbo
Programu imetangaza ukurasa wote kuwa wa Kiingereza. Kwanza tafuta kwenye mipangilio kama kuna lugha ya tovuti. Kama hakuna na unaruhusiwa kuweka HTML, funga maandishi yako ndani ya div yenye lang="sw", yaani <div lang="sw"> mwanzoni na </div> mwishoni. Na simu ya mzazi iwe na sauti ya Kiswahili imeshapakuliwa, la sivyo juhudi zako hazifiki.

fundi_wa_ngara
Hiyo sikuijua, naipeleka kwa lile kanisa leo. Na kutafuta ndani ya tovuti? Ya kwangu haina kisanduku cha utafutaji.

otis_wa_saiba
Hili angalau naliweza. Weka kitufe kinachopeleka kwenye Google kikiwa na site: na domeni yako, bila nafasi katikati. Mtu anaongeza neno lake mbele. Ila Google iwe imeshazisoma kurasa zako. Tovuti ya jana haitaleta kitu.