Naomba ushauri: alanini na klorini, bureti hainionyeshi mabadiliko

Wakuu, heshima kwenu. Nafanya mradi wa mwaka wa mwisho wa kemia: kasi ya alanini (asidi amino) kuoksidishwa na haipokloraiti ya sodiamu (ile klorini ya dawa ya kupaushia nguo), pH 9, nyuzi joto 25. Kila dakika tano navuta mililita 5, natia ayodaidi ya potasiamu na asidi ili klorini iliyobaki itoe ayodini, kisha natonesha thiosalfeti (inayoimaliza ayodini hiyo) kutoka kwenye bureti, na wanga mwishoni, mpaka ile buluu ipotee.

Shida ni hii. Nikichanganya tu, harufu ya klorini inakatika palepale, lakini bureti inasoma karibu sawasawa na kabla sijatia alanini! Baadaye inashuka taratibu mno. Nimerudia mara nne, na thiosalfeti nimeitengeneza upya. Usingizi umenipaa.

Ninavyoelewa, klorini inahamia kwanza kwenye nitrojeni ya alanini, na kloroamini hiyo (alanini iliyobeba klorini kwenye nitrojeni yake) nayo inatoa ayodini vilevile. Ndipo inavunjika polepole kuwa asetaldehidi, amonia na kaboni dioksaidi. Kwa hiyo napima hatua ya pili tu, ya kwanza inanipita. Niko sahihi?

Maabara ina spektrofotomita (kipima mwanga unaonyonywa) ya zamani. Haipokloraiti hunyonya mwanga kwenye nanomita 292, kloroamini kwenye 255 hivi. Nihamie huko, au kuna njia ya kutenganisha hizi mbili kwa bureti? Na alanini niizidishe mara ngapi ili klorini ya pili isipande kwenye nitrojeni ileile na kunipeleka kwenye naitraili, yaani zao jingine kabisa badala ya asetaldehidi?

Aliyewahi kufanya jaribio hili anisaidie tafadhali, nawasilisha mwezi ujao.