Tupeane uzoefu: siku ya mwisho ya safari ndefu ya kurudi nyumbani

Mleta mada, Kampala

Ndugu zangu, naomba tujadili siku ya mwisho ya safari ya kuvuka nchi kwa gari, pale ambapo nyumbani pameanza kunukia na mguu unataka kukanyaga mafuta wenyewe. Mimi na familia yangu hurudi kutoka Dar es Salaam kupitia Singida, Nzega, Kahama na Biharamulo, na msimamo wangu ni kwamba siku hiyo ndiyo iwe fupi kuliko zote, hata kama itatulazimu kulala Bukoba wakati wengine wanajibana ili wafike Kampala usiku.

Tukiondoka Bukoba alfajiri, tunavuka mto Kagera pale Kyaka, mahali ambapo marehemu baba hakupita bila kutusimulia habari za daraja lililobomolewa na majeshi ya Amin mwaka 1978, kisha tunaingia Mutukula kabla foleni ya malori haijakua. Pasipoti, kadi ya gari, bima ya COMESA ya gari linalovuka mipaka na vyeti vya chanjo ya homa ya manjano hukaa katika bahasha moja mikononi mwa mke wangu, kwa sababu dereva hapaswi kusumbuka na karatasi siku hiyo. Kutoka mpakani hadi Masaka hakuna la kusimulia. Lukaya tunasimama tule gonja, yaani ndizi za kuchoma, na nyama ya kuchoma hata kama hakuna mwenye njaa, maana mbele yake kuna Lwera, barabara iliyonyooka katikati ya vinamasi, inayomshawishi aliyechoka aende mbio au asinzie. Baada ya hapo ni Kayabwe kwenye ikweta, kisha Mpigi, na hatimaye foleni ya Kyengera hadi Busega, ambayo napenda kuikuta mchana, kabla watu hawajatoka kazini. Ninyi mnaipangaje siku hiyo?

Mchangiaji, Masaka

Naongeza jambo moja: ulizeni hali ya njia kabla ya kuondoka mlikolala. Mwezi Mei 2023 mafuriko yalipoharibu daraja la Katonga, waliokuwa wakielekea Kampala walizungushwa kupitia Villa Maria, Sembabule na Kanoni hadi Mpigi, na safari waliyodhani imekwisha ikaanza upya.

Mchangiaji, Arua

Mleta mada, nakuunga mkono, ila sisi wa West Nile tunaotoka Mombasa au Nairobi hatuwezi kuifupisha siku ya mwisho tukilala Kampala, kwa kuwa kutoka hapo hadi Arua ni karibu kilomita 500. Ninachofanya ni kupita Kampala bila kulala, jambo ambalo ndugu zangu wa mjini hawalipendi, na kutafuta kitanda Kigumba au Bweyale. Asubuhi navuka Nile pale Karuma macho yakiwa mapya, na hilo lina faida kubwa, kwa sababu nyani hukaa barabarani wakisubiri chakula kutoka kwa abiria, na kati ya Karuma na Pakwach tembo wanaweza kukatiza mbele ya gari. Nawasihi msiwarushie nyani ndizi. Gari linalofuata ndilo linalowakuta katikati ya barabara. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, wenye magari madogo tulipitia Masindi na Paraa, ndani ya mbuga ya Murchison Falls, na pale hakuna awezaye kukimbia. Nikishavuka daraja la Pakwach naanza kusalimiana na watu ninaowafahamu, na kuanzia Nebbi nampa usukani mdogo wangu, kwa sababu nimejifahamu: nikiikaribia Arua akili yangu imeshafika nyumbani.

Mchangiaji, Gulu

Kwa wanaorudi kutoka Juba kuna mambo mawili pale mpakani Elegu. Sudan Kusini magari hupita kulia na kwetu hupita kushoto, kwa hiyo kilomita za kwanza kuelekea Atiak zinahitaji dereva asiyezungumzishwa. Pia, tangu Februari 2021 saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na anayepanga kufika Gulu kabla ya giza lazima aihesabu saa hiyo.

Hajati, Bombo

Wanangu, nimesoma yote na ninawaombea salama. Mmezungumza kama madereva. Mimi nazungumza kwa niaba ya tunaosubiri. Simu zetu ndizo zinazowaharakisha. Mtoto akituambia amefika Migyera, tunampigia akiwa Luweero, tunampigia akiwa Wobulenzi, na kila mara tunamwambia chakula kinapoa. Katika nyumba yangu nimekataza hilo. Msafiri hupiga yeye mwenyewe, gari likiwa limesimama, na chakula hakipikwi mpaka aonekane langoni. Kwanza anywe chai, aoge, ndipo moto uwashwe. Akiona giza linamkuta njiani, alale huko, nasi tutampokea kesho kwa furaha ileile.

Mleta mada, Kampala

Hajati, shikamoo, na ahsante sana; nitamsomea mama yangu maneno yako leo hii. Bado hatujawasikia ndugu wa Kabale na Kisoro. Anayemalizia safari yake kwenye kona za Kanaba wakati wa ukungu atueleze anaondoka Kabale saa ngapi na anafanya nini ukungu ukimkuta juu.