Kuhamisha mikanda ya zamani ya VHS kwenda DVD, nianzie wapi?

ZawadiM
Habari zenu wakuu, naombeni msaada wenu. Nina mikanda 14 ya VHS ya nyumbani, mingi ilirekodiwa kati ya 1989 na 1998, kuna harusi ya shangazi, kuna ubatizo, kuna siku za kawaida tu watoto tunakimbizana uani. Baba ndo alikuwa anashika kamera kwahiyo kwenye picha haonekani ila sauti yake ipo, anamwambia mama geuka huku, anatuita majina. Alitangulia miaka 6 iliyopita na sina sauti yake sehemu nyingine yoyote zaidi ya humo.
Mama anataka aiangalie kwenye deki ya DVD maana ndo anayoijua kuwasha mwenyewe. Nimeazima deki ya mikanda kwa jirani, inawaka, ila sijaingiza mkanda hata mmoja, naogopa. Maswali yangu: natumia waya gani kupeleka kwenye laptopu, mkanda mmoja unaingia wote kwenye diski moja? na ni kweli mkishaweka kwenye DVD ndo imeisha hiyo haiharibiki tena? Alafu mikanda miwili ukichungulia kwenye kile kidirisha unaona kama unga mweupe pembeni ya utepe, ni vumbi au?

FundiUtepe
Dada Zawadi pole sana kwa baba, na umefanya vizuri mno kuuliza kabla ya kuingiza.
Naanza na huo unga kwasababu ndo wa hatari. Hilo sio vumbi, karibu kila mara huwa ni ukungu, fangasi, mkanda ulikaa sehemu yenye unyevu. USIUINGIZE kwenye deki. Ukizunguka humo ukungu unabaki kwenye vichwa (vile vinavyosoma utepe) na kwenye njia nzima ya utepe, alafu mkanda unaofuata ambao ulikuwa mzima nao unapakwa, na utepe wenye ukungu huwa unanata kwahiyo unaweza kukatika hapo hapo. Hiyo miwili itenge kabisa, kila mmoja kwenye mfuko wake, mahali pakavu, na ukiishika usiipulize wala kuinusa. Hiyo mpelekee mtu mwenye kazi hiyo ambaye ana deki maalumu ya mikanda michafu, muulize kwanza anasafishaje, akikwambia anaingiza tu hivyo hivyo chukua mikanda yako uondoke.
Sasa hiyo 12 mingine. Deki ya kuazima usiiamini siku ya kwanza. Tafuta mkanda ambao hauuonei uchungu, filamu yoyote ya zamani, cheza nao nusu saa, peleka mbele, rudisha nyuma, toa, angalia utepe kama umekunjamana pembeni. Deki ikitafuna itafune huo. Picha ikiwa na chenga nyingi mara nyingi ni vichwa vichafu. Chomoa umeme, fungua mfuniko, utaona ngoma inayong'aa imekaa upande upande, vichwa viko kwenye ile ngoma na ni vidogo kweli. Loanisha kipande cha ngozi laini kwa spiriti ya isopropili, kishike kimetulia juu ya ngoma alafu izungushe ngoma yenyewe kwa mkono taratibu. Usisugue juu chini hata kidogo, kichwa kinavunjika, na usitumie pamba maana nyuzi zinanasa. Acha ikauke kabisa ndo uwashe.
Kila mkanda wa baba kabla ya kuurekodi upeleke mbele mpaka mwisho na uurudishe nyuma mpaka mwanzo mara moja, umelala miaka mingi tabaka za utepe zimegandana na hapo zinaachiana. Alafu angalia ule mgongo wa kaseti kuna kijino cha plastiki, kama bado kipo kivunje, kikishatoka deki inakataa kurekodi juu yake. Nimeshaona mtu amebonyeza kitufe chekundu kwa bahati mbaya na sekunde 40 za mtoto wake zikapotea, hazirudi zile.

kaka_sele
Kuhusu waya, nyuma ya deki kuna matundu matatu, njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti (deki nyingine za mono, yaani sauti ya njia moja, zina nyeupe peke yake, usishtuke). Unanunua kile kidubwasha cha USB cha kunasa video, upande mmoja unachomeka hizo waya upande mwingine laptopu. Kama deki ina tundu la S-Video (tundu la duara la picha tu) tumia hilo kwa picha, rangi zinatulia, ila deki nyingi za kawaida hazina.
Sauti ipitishe humo humo kwenye kidubwasha, usije ukapitisha picha kwenye USB na sauti kwenye tundu la maiki la laptopu, mimi nilifanya hivyo na kwenye saa ya pili mtu anafungua mdomo sauti inakuja baadae. Na laptopu iache ifanye hiyo kazi peke yake, zima intaneti, usifungue chochote, maana ikizidiwa inaruka fremu (picha moja moja zinazounda video) bila kukwambia.
Kama kompyuta inakusumbua kuna deki za kurekodi DVD moja kwa moja, zingine zina sehemu ya mkanda na diski humo humo, unabonyeza tu. Ila ukimaliza lazima uifunge diski, kwenye menyu wanaita finalaizi, usipofanya hivyo diski itacheza kwenye deki hiyo hiyo tu na kwa mama haitafunguka.

Nuru_K
Naomba nipingane kidogo na kaka Sele hapo kwenye kurekodi moja kwa moja kwenye DVD. Inafanya kazi kweli, lakini unabaki na diski tu, na diski ndo kitu dhaifu kuliko vyote kwenye huu mnyororo.
Dada Zawadi umeuliza kama ikishaingia DVD haiharibiki tena. Inaharibika. Diski za kuchoma nyumbani zinaandika kwenye tabaka la rangi, sio kama zile za filamu za kiwandani ambazo zimegandamizwa, na hiyo rangi jua na joto vinaila. Nina diski nilizochoma 2005, zingine zinafunguka vizuri na zingine hazisomeki kabisa na zilikaa kasha moja. Usibandike karatasi juu yake, usiandike kwa bikpeni, tumia makapeni laini.
Kwahiyo fanya hivi, nasa kwenye laptopu kwanza upate faili, hilo faili ndo mkanda wako mpya. Ukinasa kwa MPEG-2 (aina ya faili la video lililobanwa, ndo inayotumika kwenye DVD) ya megabiti 8 kwa sekunde ni kama GB 3.6 kwa saa, ukinasa kwa DV (aina nyingine isiyobanwa sana) ni kama GB 13 kwa saa. Mimi ningechukua DV kama nafasi ipo kwasababu mikanda hii hutaicheza mara nyingi tena, na kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, Funai, iliacha 2016, kwahiyo kila deki unayoiona leo ni ya zamani. Faili liweke sehemu tatu, moja isiwe nyumbani kwako. Kutoka kwenye faili ndo unamchomea mama DVD, ikikwaruzika unachoma nyingine, haikuumizi.
Diski moja ya kawaida ni GB 4.7, programu ya kuchoma ikilipunguza faili saa mbili zinakaa na picha inakuwa safi. Mkanda wa E-180 ni saa tatu, huo gawanya diski mbili usiubane zaidi ya hapo. Choma kwa spidi ndogo. Na kama mikanda ni ya PAL (mfumo wa picha wa tivi za zamani) iache ukubwa wa picha 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, usikubali programu ikubadilishie kuwa HD, VHS haina hiyo picha ndani yake unaongeza uzito wa bure.

ZawadiM
Asanteni mno mno. Nimetenga ile miwili yenye ukungu. Nilijaribu na filamu ya zamani deki haikutafuna, nikasafisha vichwa kama alivyoelekeza fundi, nikaingiza mkanda wa 1993. Picha ipo! ila chini kabisa kuna mstari unatetemeka kama umechanika, na kwenye laptopu watoto wakikimbia wanatoa kama meno ya kitana pembeni. Nimeharibu kitu?

FundiUtepe
Hujaharibu kitu dada. Ule mstari wa chini ni pale vichwa vinapopokezana, upo kwenye kila mkanda wa VHS tangu zamani, tivi za zamani zilikuwa zinauficha nyuma ya ukingo wa kioo. Hayo meno ni kwasababu kila fremu ni nusu picha mbili zimesukwa pamoja, tivi inazicheza moja moja ila kompyuta inaonyesha zote kwa pamoja. Kwenye DVD ya mama iache hivyo hivyo itatulia. Ya kurusha kwenye simu za ndugu ndo uitoe hayo meno, programu ya HandBrake ina sehemu yake, lakini toa kwenye nakala, faili la kwanza usiliguse.

bintiHawa
Naongeza moja tu, mikanda ya bibi tulihamisha yote vizuri na leo nusu ya watu walioko humo hakuna anayewajua maana aliyekuwa anawajua ameshaondoka. Kaa na mama wakati anaangalia, weka simu irekodi anavyoongea, yule nani, ile siku ilikuwa nini, alafu andika majina kwenye jina la faili pamoja na mwaka.

ZawadiM
Nimefanya dada Hawa, jana usiku. Dakika ya 11 baba anacheka nyuma ya kamera, mama akasema rudisha, nikarudisha, tena akasema rudisha. Ameniambia wale wawili waliosimama mlangoni ni nani, sikuwahi kuwajua, nimeandika. Bado mikanda 11, leo naingiza wa harusi.